Atakayeshika Usukani wa Idonna

Lincoln, Nebraska
26 Septemba 1994

Kwako jirani Idonna Reiff,

Salamu utazikuta chini, tuanze na gari. Nimesikia pikapu yako imezimika njiani na ndama wamo kwenye tela, na nimesikia kwa mke wa mchungaji aliyempigia binti yangu Marlys simu, siyo kwako. Simu yake mimi siisikii, inanililia sikioni kama nyuki kwenye kopo, lakini barua nasoma vizuri tu na wewe una kalamu. Baridi sita tumelisha pamoja tangu marehemu mumeo Orrin atangulie, wewe kwenye usukani, mimi nyuma juu ya nyasi nikiwarushia ng'ombe wako, halafu habari ya gari lako naipata kwa mke wa mchungaji ambaye hajui hata dizeli inaingilia wapi.

Haya. Nasikia unatafuta lingine. Sasa sikiliza, maana kwenye vile vilima vyetu vya mchanga hakuna mtu anayejua pikapu kunizidi, siyo kwa kujisifu, uliza yeyote. Nimemiliki pikapu tisa na ya tano niliifikisha nyumbani kutoka Wyoming ikiwa imefungwa kwa waya wa ua tu. Ukifika kwa muuzaji usimsalimie kwanza. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto ujue ameliwasha kabla hujafika, na anayeliamsha gari kabla ya mgeni anaficha kwamba asubuhi haliamki. Halafu tazama raba ya pedali. Mtu atakwambia gari halijatembea sana huku raba imelika kama soli ya mpeleka barua. Halafu lala chini utazame chasisi. Ukiona mchanga, nunua, ni gari la kwetu. Ukiona kutu, hilo ni la mjini, limelishwa chumvi ya barabarani, liache liozee huko huko.

Lakini nakufundisha nini? Ningoje. Hii nyonga niliyovunja nilipoanguka toka juu ya rundo la nyasi sasa ni kama haikuvunjika. Juzi nimepanda ngazi za hapa kwa Marlys mbili mbili mpaka akaniambia nipunguze. Nikija tutazunguka wote. Usiende peke yako, watakulaghai. Na usiende na mtu.

Sasa salamu. Nakusalimu.

Verlin Kasparek

*

Halsted
4 Oktoba 1994

Mzee Verlin,

Barua imefika, na salamu nimezikuta chini kama ulivyosema, zimepoa kidogo.

Kungoja siwezi. Theluji haina habari na nyonga yako. Kwa hiyo nimeanza kutazama, na jirani yetu Clete Amundson amejitolea kunipeleka, kwa kuwa sina gari la kwendea kununua gari.

La kwanza ni jeupe, la dizeli, magurudumu manne nyuma. Niliweka kiganja kwenye boneti kabla ya salamu. Moto kama mkate uliotoka sasa hivi. Muuzaji akaniuliza, "Mama, unalipima homa?" Nikamwambia ndiyo, na linayo. Tena ni pana mno, haliwezi kupita lango langu la zizi bila kuacha masikio yake hapo.

La pili ni jekundu, la mwalimu mstaafu aliyekuwa akienda nalo kanisani na dukani. La petroli. Gia za mkono, na ile gia ya chini kabisa ya kutambaa ipo. Klachi nzito, ila naiweza. Clete alilala chini yake na shati lake la Jumapili, akatoka na mchanga masikioni, akasema, "Idonna, hili ni gari la kwetu." Nikamwambia maneno hayo nimeshayasikia mahali.

Kuna la tatu, la kijani, bado hatujaliona.

Tukirudi tulipitia mkahawani. Ilikuwa siku ya supu ya nyama na maharage, ile ya pilipili, na mkate wa mdalasini kando. Clete akala wa kwake na nusu ya wa kwangu. Anakusalimia. Anasema ameusimamisha ua wako wa kaskazini uliolala, ng'ombe wako wasije wakatembea mpaka kwa watu.

Ngazi umepanda mbili mbili kweli?

Idonna

*

Lincoln
8 Oktoba 1994

Idonna,

Leo hakuna salamu, hata chini.

Umempa Clete Amundson nusu ya mkate wako wa mdalasini. Sina wivu, mimi nina miaka sabini na sita, wivu ni wa vijana. Nasema tu. Mtu anayevaa shati la Jumapili siku ya Jumanne hatazami chasisi, kuna kingine anatazama. Huyu ndiye Clete aliyetia petroli kwenye trekta la dizeli mbele ya watu wote wa mavuno, halafu akasema trekta lina kikohozi. Pikapu yake mwenyewe ukikaa unakalia manyoya ya mbwa. Na ua wangu nani kamwomba ausimamishe? Ulikuwa umelala kwa sababu mimi nilitaka ulale.

Lakini haki nitaisema hata kama inanikaba. Chukua jekundu. Siyo kwa sababu Clete kasema, mimi ningesema kabla yake kama ningekuwepo. Chukua jekundu kwa sababu ya gia ya kutambaa. Unajua mwenyewe mtu aliye peke yake analishaje. Unalifikisha gari kwenye malisho, unatia gia ya kutambaa, unafunga usukani kwa kamba, unashuka, unapanda nyuma, na gari linakwenda lenyewe polepole kama ng'ombe mwenye mimba huku wewe unakata kamba za marobota ya nyasi na kurusha. Halitaki dereva. Halitaki mtu yeyote mbele. La otomatiki halina gia hiyo, ukiliachia linaondoka kama ndama aliyeona lango wazi, mpaka awepo mtu wa pili wa kukaa na kukanyaga breki. Kwa hiyo ukiwa na jekundu utalisha mwenyewe mpaka nije, na hakuna haja ya kumsumbua Clete, Clete ana ng'ombe wake.

Mguu ni mzima. Nimekwambia mara moja, usiniulize tena kama polisi.

Verlin

*

Lincoln
11 Oktoba 1994

Mpendwa Mama Idonna,

Baba hajui kwamba ninakuandikia, na nakuomba uniahidi kwamba hutamwandikia haya.

Anakuambia anapanda ngazi mbili mbili. Mama, anapanda kwa makalio, moja moja, mgongo ukitangulia, na akifika juu anakaa akijifanya anatazama dirishani. Daktari alituambia wazi. Mguu wa kulia hauna neno. Wa kushoto hautapata nguvu tena. Hatakanyaga klachi, na hatasimama tena juu ya gari linalotembea.

Nataka abaki hapa. Chumba kipo. Kuna mtu yuko tayari kukodi malisho yake, na karatasi nimeshaziandaa, ila kila nikizileta mezani anaziwekea kikombe cha kahawa juu. Anayemsikiliza ni wewe peke yako, ijapokuwa na wewe hakusikilizi. Mwambie huko hakuna tena kazi ya mtu kama yeye. Likitoka kwako litamuuma, lakini atakubali.

Barua zako anazilalia chini ya mto. Nimeona ulijue hilo kabla hujaandika.

Wako,
Marlys

*

Halsted
20 Oktoba 1994

Mzee Verlin,

Nimenunua. Siyo jekundu.

Ni lile la kijani. La otomatiki. Usiitupe barua, malizia kwanza. Boneti nimeikuta baridi, raba ya pedali bado ina mistari yake, na chini ni mchanga mtupu. Ngazi ya kukanyagia iko chini kuliko ya yale mengine mawili, na mlango wa dereva unafunguka mpaka mwisho. Clete alisema nimepungukiwa akili. Aliieleza gia ya kutambaa kwa kirefu mpaka muuzaji akaenda kula, akarudi, akamkuta bado anaeleza.

Ile baridi ya kwanza Orrin alipokufa, kabla wewe hujaanza kuja, nililisha peke yangu kwa hiyo gia mnayoisifu. Nikawa kila nikigeuka na robota mikononi naona kiti kitupu kinaendesha gari. Watu wote mnaniambia ni gia nzuri. Ni nzuri. Siitaki tena ndani ya maisha yangu.

Halafu nimekaa miaka sita mbele kwenye joto la hita nikiwatazama ng'ombe wangu kwa kioo. Safari hii mimi nitapanda nyuma. Kurusha najua, na mikono ninayo. Mbele atakaa mtu.

Mengine nimemwahidi mtu kwamba sitayaandika, nami nikiahidi huwa naahidi. Jitunze. Kunywa dawa zako.

Idonna

*

Lincoln
24 Oktoba 1994

Clete Amundson,

Hongera. Umepata kiti.

Usinifiche. Hakuna mtu kwenye vilima vile anayenunua otomatiki na ng'ombe wa kulisha anao, ila awe ameshapata dereva, na tena kuna mtu kaahidiwa kwamba mambo yake hayataandikwa. Aliyekuwa akizungukazunguka pale na shati la Jumapili namjua. Nilikufundisha mimi kufunga tela, Clete. Mwaka wa mafuriko nilikutoa kwenye tope na farasi wangu, wewe na trekta lako, na mpaka leo sijamwambia mtu, labda wachache. Hii ndiyo asante.

Nakuuliza sasa, mwanamume kwa mwanamume. Ni mwanamume wa namna gani anayekaa mbele kwenye hita na chupa ya kahawa katikati ya mapaja, huku mwanamke amesimama nyuma kwenye upepo anarusha nyasi? Mimi ningeona haya. Mimi ningekufa kwanza. Orrin akifufuka leo atakukuta umekaa hapo kama askofu.

Na usijidanganye kwamba ni kazi rahisi. Ukikanyaga breki ghafla akaanguka, nitakuja huko huko na mguu huu. Kwenye mteremko usikimbize. Yeye akiogopa hasemi, utamwona tu kwenye kioo ameshika kofia, ukiona hivyo punguza. Yuko ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja, hana adabu, atakuja mbele ya gari asimame. Mpigie honi mara mbili, mara moja hasikii. Na ukifika penye kinu cha upepo simama kidogo hata kama nyasi hazijaisha, pale huwa anapenda kupumzika na hataomba.

Sijui kwa nini nakwambia. Labda kwa sababu wewe hutaona mwenyewe.

Usinijibu.

Verlin Kasparek

*

Halsted
29 Oktoba 1994

Verlin,

Umesema nisijibu, kwa hiyo najibu.

Ulikuwa mjinga tangu tukiwa shule na naona hospitali hawana dawa yake. Siyo mimi.

Nimelala chali chini ya magari matatu kwa ajili ya yule mama. Nimenyoa ndevu kila asubuhi mwezi mzima, muulize mbwa, alikuwa hanitambui. Nilimwambia achukue jekundu kwa sababu ni gari zuri, na pia kwa sababu najua mtu anayelisha peke yake huchoka, na akichoka humwita jirani wa karibu, na wa karibu sasa ni mimi, kwa kuwa wewe umelala Lincoln. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyokuwa napita pale kwa bahati.

Tulipofika kwenye lile la kijani hakutaka hata kuona injini. Alifungua mlango akakaa kitako, halafu akaushika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, akaunyanyua, akauingiza ndani kama mtu anayepakia mzigo. Akaliendesha kwa mguu wa kulia peke yake mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Akashuka. Akapanda tena vile vile. Muuzaji akamwuliza, "Mama, mguu umekufa ganzi?"

Akasema, "Wangu mzima. Naujaribu wa mtu."

Nikamwuliza, "Wa nani huo, Idonna?"

Akasema, "Clete, nawe usinichokonoe. Nimeahidi."

Basi nikaelewa. Nikawasha gari langu tukarudi, na unaijua njia ile ilivyo ndefu. Tulipopita mkahawani hakuna aliyesema tusimame.

Umeuliza ni mwanamume wa namna gani anayekaa kwenye hita huku mwanamke anarusha nyasi. Ni wewe. Umemtukana vizuri, sina la kuongeza, isipokuwa kwamba mimi kiti hicho ningekikalia hata kama hita imekufa na vioo vyote vimevunjika.

Huyo ng'ombe wa pembe moja mpigie honi mwenyewe. Na ua wako ulikuwa umelala, Verlin. Ulikuwa umelala kabisa.

Clete

*

Lincoln
3 Novemba 1994

Idonna,

Nakusalimu sana. Leo zimekuja juu.

Clete ameniandikia. Usimlaumu, na binti yangu naye usimlaumu, nimeshamlaumu mimi na yamekwisha. Ngazi sikupanda mbili mbili. Mguu wa kushoto hauna kazi, uko hapo ili suruali isionekane tupu. Nimelisema, na sitalisema mara ya pili.

Barua ya Clete nilikaa nayo na hasira siku nzima. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma. Kila aliyepita ile barabara alinijua kwa mrusho wangu, robota kwa mkono mmoja, na hakuna mtu wa rika langu kutoka kwetu mpaka mpakani anayeweza, hilo halijabadilika hata kama nyonga imebadilika. Nikasema siendi kukaa kama askofu. Waendelee bila mimi. Halafu ikanijia ile habari yako ya kiti kitupu, nikawa kila nikifumba macho nakiona, kinakwenda na wewe uko nyuma. Hujawahi kunisimulia. Baridi sita, na nilidhani ulikuwa mbele kwa sababu ya miguu yako kuona baridi.

Asubuhi nikamwambia Marlys anipeleke kwenye uwanja wa kanisa na kile kigari chake. Nimeendesha. Kwa wa kulia peke yake, nimezunguka mpaka mchungaji wao akatoka kutazama kuna nini. Nimegonga pipa moja la taka, lakini pipa lilikuwa limewekwa mahali pasipo pake. Marlys alicheka, halafu akalia, halafu tulipofika nyumbani akaziondoa mezani zile karatasi za malisho yangu bila mimi kusema kitu. Kaniambia, "Baba, lakini utavaa kofia ya kufunika masikio." Nitavaa.

Kwa hiyo njoo. Jumamosi ya wiki ijayo, kabla theluji haijafunga njia. Nitakuwa nimeshafungasha. Usinishike mkono nikipanda, hasa mtaa huu, kuna mzee jirani hapa ananitazama kila siku kwa pazia na sitaki ajue. Tukitoka mjini utanipa usukani.

Kuna jambo lingine. Kutoka nyumbani kwangu mpaka kwako ni maili nne, na mtu wa mguu mmoja hawezi kuja alfajiri na kurudi jioni kwenye barafu, baridi nzima. Hilo si jambo la kuandika kwenye barua na kubandika stempu. Lifikirie tu ukiwa njiani unakuja, njia ni ndefu. Mimi nimelifikiria siku nyingi, tangu nilipokuwa na miguu yote miwili, na kila nikitaka kusema nilikuta nimeshika robota.

Na nakuonya, Clete atapita. Hatakuwa na sababu ila atapita, na kofia mpya. Kwetu jirani hupishana na jirani kwa kuinua kidole kimoja juu ya usukani, na usukani utakuwa wangu, kwa hiyo nitamwinulia mimi. Kimoja. Wewe usimpungie, mikono yako itakuwa na nyasi.

Verlin